Tezi Mbele, Omo Nyuma

Jumamosi, 6 Machi

Kikao cha Chama cha Waundaji wa Meli Ndogo, ukumbi wa nyuma wa maktaba. Watu tisa, meza nne, harufu ya gundi. Mwenyekiti wetu, ambaye kwa kazi ni daktari wa meno, kaleta manowari yenye mizinga kumi na sita. Kila mzinga una tundu lake! Katoboa kwa mashine ileile anayotobolea watu magego. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, nikaishia kuinama mezani dakika kumi, pua karibu iguse mlingoti. Kazi nzuri namna ile inamnyima mtu hata pa kuanzia kusengenya.

Kisha akasoma kanuni ya saba. Kwenye kabati la kioo pale mlango mkuu wa maktaba hukaa modeli moja tu, mwaka mzima, na kila anayekuja kuazima kitabu huiona. Mwanachama anayetimiza miaka kumi na miwili bila modeli yake kuingia kabatini huhamishiwa safu ya watazamaji. Mtazamaji haleti modeli. Mtazamaji anatazama. Mimi natimiza kumi na miwili mwezi huu, na muda wote huo modeli zangu hazijawahi kuvuka meza ya mlangoni mwa ukumbi, kando ya pipa la miavuli. Shindano la kuingia kabatini ni tarehe 20. Wenzangu wote wakatazama dari kwa adabu.

Nimeshaamua. Nitaunda boti ya kushushia askari ufukweni. Chamani kila mtu anapenda mizinga. Hakuna aliyewahi kuleta boti ya namna hiyo, kwa hiyo sina mpinzani. Tena ni rahisi. Ni sanduku lenye mlango mbele. Nani anashindwa kuunda sanduku?

Jumapili, 7 Machi

Nimeteka meza ya kulia chakula. Mke wangu kahamishia sahani jikoni bila neno, jambo ambalo si dalili nzuri. Mama mkwe, aliyehamia kwetu wiki tatu sasa kwa ajili ya matibabu ya goti, alikuwa kwenye kiti cha dirishani na miwani yake ya kamba. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza kama kile kisanduku ni cha kuwekea chumvi. Nikamweleza kwa upole kwamba ni chombo cha kivita. Akasema sawa, mwanangu.

Maelezo ya kuunganishia yaliyokuja na vipande yameandikwa kwa lugha ya mbali, na picha zimeloa. Haidhuru. Mtu mwenye miaka kumi na miwili chamani haungi kwa picha. Kufikia alasiri kuta nne zimesimama. Gundi iko kwenye kiwiko pia.

Jumanne, 9 Machi

Mama mkwe kafungua kinywa. Kasema usukani ukae tezini. Nikajibu ndiyo mama, kama mtu anayejua. Sikujua. Chamani tunasema mbele na nyuma, basi. Lakini kumwuliza mama mkwe tezi ya meli ni wapi, mke wangu akisikia! Hilo lingenifuata mpaka kaburini.

Nikaenda nalo kazini. Niko ofisi ya vipimo na mizani, dirisha namba mbili, na wakati wa mapumziko nikalichambua neno lenyewe. Tezi ni ile inayovimba shingoni. Daktari huibonyeza chini ya kidevu. Kidevu kiko mbele. Kwa hiyo tezi ni mbele. Nilifurahi mpaka mteja mmoja nikampigia mhuri mara mbili.

Nimerudi nyumbani, nimebandika kibanda cha usukani mbele kabisa, nyuma tu ya ule mlango wa kuteremkia, na propela nimezibandika chini ya mlango wenyewe. Gundi ni ile kali. Kopo linasema ikishika haiachii, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kopo limesema kweli.

Alhamisi, 11 Machi

Aibu. Nilikuwa napanga askari wangu ishirini na wanne. Hawapiti. Kibanda kimeziba njia. Mama mkwe akasogea na mkongojo wake, akatazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama hao vijana wameambiwa kwamba wanarukia kwenye propela. Mke wangu akatoka, akaenda kucheka vizuri jikoni.

Tezi ni nyuma. Mbele ni omo. Mama mkwe mwenyewe hakucheka. Kanieleza taratibu tu, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Nikauliza kayajulia wapi. Akasema alifanya kazi ya kupaka rangi meli miaka ishirini na sita, kwenye chelezo, kule zinakopandishwa nchi kavu kutengenezwa, akining'inia kwenye ubao, ndoo kiunoni.

Miaka tisa nimemwoa binti yake. Niliambiwa mama alikuwa mpaka rangi, na siku zote nikajua ni rangi za nyumba! Nimekaa na hazina sebuleni, na nilichokuwa namwuliza ni goti.

Boti nimeitupa kwenye pipa la jikoni, askari wote ndani. Niliona uchungu. Lakini chini ya kitanda ninayo manowari niliyoianza mwaka juzi. Imebaki rangi tu.

Jumamosi, 13 Machi

Mbinu mpya, na ni nzuri kuliko zote.

Chamani kuna kazi tunayoiita kuchosha. Ukishapaka rangi safi, unaichakaza: kutu hapa, mkwaruzo pale, ili meli ionekane imefanya kazi. Modeli isiyochoshwa ni mdoli. Hapo ndipo ninapoanguka kila mwaka. Sasa basi: nikaiweka manowari kwenye stuli kando ya kiti cha mama mkwe, kwa bahati mbaya, pamoja na brashi tano, kwa bahati mbaya. Kisha nikaanza kulalamika peke yangu kuhusu kutu.

Hakuchukua dakika mbili. Kashika brashi. Kasema kutu yangu imetokeza kwenye mlingoti kama upele, wakati chuma huanza kuliwa chini ya tundu la mnyororo wa nanga na pale maji machafu yanapomwagikia ubavuni. Akachovya, akaifuta brashi kwenye kitambaa mpaka karibu ikauke, akagusa. Sikuona rangi ikitoka. Niliona meli ikizeeka. Miaka kumi ya bahari katika robo saa! Nilisahau mbinu yangu, nikakaa chini sakafuni nikitazama. Mkono wa mtu wa miaka sabini na moja, na hautetemeki hata kidogo. Nilimwonea wivu na nikampenda sana mama yule, vyote kwa pamoja.

Kadi ya modeli itabeba jina langu. Nimelipima suala hili kwa haki, kama mtu wa mizani. Stuli ni yangu, brashi ni zangu, na mama ni wa mke wangu. Sioni wizi uko wapi.

Jumapili, 14 Machi

Mama mkwe kauliza kama manowari ni ya shindano. Nikasema hapana mama, ni ya mazoezi tu. Akanitazama kwa juu ya miwani. Akairudisha brashi kwenye glasi, akasema kama ni mazoezi, basi upande wa kulia ananiachia mimi nijizoeze.

Kamaliza upande wa kushoto tu! Kushoto ni manowari iliyovuka bahari tatu. Kulia ni manowari iliyovuka chini ya kitanda. Na siwezi kumwomba aendelee, kwa sababu ulimi wangu mwenyewe umeshanifunga kamba.

Jumanne, 16 Machi

Nimejaribu kuiga kazi yake upande wa kulia. Mke wangu kauliza nani kaimwagia meli chai.

Mengineyo. Mama mkwe kaazima kibano changu, anasema ni cha nyusi. Kaazima na msasa laini. Nyusi gani hizo? Sikuuliza. Baadaye kaniletea karatasi za kliniki ya goti nitie saini, tatu kwa pamoja, nikatia zote bila kusoma. Kichwa changu kiko kwenye mambo mazito.

Ufumbuzi umepatikana. Manowari itakaa ukutani. Upande wa kushoto utazame watu, wa kulia utazame ukuta. Rahisi mno mpaka najishangaa.

Ijumaa, 19 Machi

Nimefanya mazoezi ya hotuba ya ushindi mbele ya kioo cha bafuni. Shukrani nimeziweka mwishoni, kama muda utaruhusu.

Jumamosi, 20 Machi

Niliwahi, nikapata meza ya ukutani. Mwenyekiti akaiinamia manowari yangu. Akakaa hapohapo. Akaita wengine. Daktari wa meno anaita watu waje kutazama kutu yangu! Mzee mmoja akasema anasikia mpaka harufu ya chumvi. Kwa dakika nne nilikuwa nimeshaingia kabatini, na sitadanganya kwenye shajara yangu mwenyewe, zilikuwa dakika nzuri kuliko zote nilizopata chamani.

Kisha mwenyekiti akatoa kitu kipya cha mwaka huu. Kisahani cha kuzungushia keki wakati wa kuipamba, kaazima kwa mke wake, ili kila modeli ionekane pande zote. Manowari ikapandishwa. Ikazunguka. Upande wa kulia ulipofika, ukumbi mzima ukakohoa.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mke wangu, kashika trei iliyofunikwa kitambaa cha jikoni, na nyuma yake mama mkwe na mkongojo. Mwenyekiti akapokea fomu ya shindano, akaisoma: mgeni mmoja, amedhaminiwa na mwanachama. Saini ni yangu! Karatasi ya tatu haikuwa ya goti.

Kitambaa kikaondolewa. Ilikuwa boti yangu. Ile ya pipani.

Hakubandua kitu, gundi isingemruhusu. Kaipandisha juu ya magogo, kwenye chelezo, nchi kavu. Kibanda cha usukani kiko palepale nilipokosea, ila sasa kimezungushiwa minyororo, winchi iko juu yake tayari kukinyanyua, na mafundi wawili wanaonyesha kwa mkono kule nyuma kinakotakiwa kwenda. Kosa langu limekuwa kazi yao ya siku. Askari kawavua kofia za chuma, kawavika ovaroli. Wanne wananing'inia ubavuni kwenye ubao, na kamba za ubao ni nywele zake mwenyewe za mvi, mojamoja. Kati ya hao wanne mmoja ni mwanamke mwenye kilemba, brashi mkononi, rangi nyekundu kwenye ncha ya brashi. Ubavu nusu ni kutu, nusu umeshapakwa, na pale viwili vinapokutana rangi inaonekana bado mbichi. Sijui kaifanyaje. Nilirudi nyuma kidogo nisije nikachafua shati.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza yule wa pembeni ya chelezo, aliyesimama peke yake, kashika mchoro chini juu, ni nani. Mama mkwe akasema yule ni mkwe wake, ndiye aliyeianza boti, na bila yeye pasingekuwa na cha kutengeneza. Kasema mbele ya watu wote, na hakuwa anakejeli. Ilinibidi nitoke nje nikapenge kamasi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nilikuwa nimekitupa pamoja na maganda ya viazi.

Kura nane zilikwenda kwake. Ya tisa nilijipigia mwenyewe.

Mimi nimekabidhiwa beji ya mtazamaji. Ni ya kijivu. Daktari wa meno kanibandika kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeziba jino.

Jumapili, 21 Machi

Maktaba imefungwa leo, lakini mlango ni wa kioo, kwa hiyo nilisimama nje saa nzima nikiliangalia lile kabati. Watu watatu walipita, wakasimama. Mmoja akaniuliza nani kaunda. Nikamwambia ni mama yangu. Neno mkwe nililiacha. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Nimemwomba mama msamaha kwa habari ya jina na ile kadi. Kasema yamekwisha, na kwamba mkono wangu si mbaya, ni haraka tu. Nimefurahi sana. Nimeapa kuacha hila.

Baada ya chakula nikaisoma tena kanuni ya saba, kwa kujituliza tu. Inasema mtazamaji haleti modeli. Haisemi lolote kuhusu maji. Nikaisoma mara ya pili. Haisemi! Basi mwakani naleta trei moja ya bahari, mawimbi, povu kidogo, na kadi: Nyambizi, imezama. Nyambizi yenyewe haionekani kwa sababu iko chini, kama nyambizi zinavyotakiwa. Haina upande wa kuzungushwa. Anayebisha azame akaitafute.

Kinachohitajika ni maji yaliyopakwa vizuri, basi. Trei nimeshaiweka kwenye stuli, kando ya kiti cha mama. Kaniuliza ni ya nini. Nimemwambia ni ya mazoezi.