Leo Nimemtafsiria Daktari Aibu Yangu

Leo nimeaibika, tena mbele ya watu wazima. Kaeni niwaeleze mwenyewe kabla Sista Bosibori hajapita hapa kwenye nyumba za wauguzi kuwaeleza kwa namna yake.

Mnajua ile kazi yangu ya picha. (Wengine mnaiita shule ya chekechea. Nimesikia.) Tangu nirudi kutoka Nairobi kwenye ile kozi, kila Alhamisi nakaa na wagonjwa wa akili kwenye baraza ya wodi, nawapa karatasi na rangi, tunachora. Hakuna kufundisha wala kupeana alama. Mama wa Kizungu aliyetufundisha alisema mtu aliyeshindwa kuongea huenda mkono wake haujashindwa. Akatuonya pia tusijifanye wasomaji wa picha. Mgonjwa akichora, wewe kaa karibu naye, chora yako, subiri, kisha muulize akueleze. Basi. Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari, na leo nimeyasahau yote.

Rangi zenyewe mnajua hatuna. Natengeneza. Nyekundu ni udongo wa kule nyuma ya jikoni, nyeusi ni makaa yaliyosagwa, kijani ni majani niliyoyaponda nikachanganya na uji wa unga wa ngano. Leo nilikosa buluu, nikaenda kwenye kabati la dawa nikachukua ile dawa ya zambarau tunayopaka vidonda. Nikajiona mtu mwerevu sana.

Sasa, kati ya wagonjwa wangu yuko Mama Moraa wa Nyacheki. Alizika kitinda mimba wake wakati wa mvua, na tangu siku hiyo hajasema neno. Si kwa mumewe, si kwetu. Anakula kidogo, anatazama sakafu. Mumewe huja kila Jumapili kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na ndizi za kupika na maziwa ya mgando. Anakaa karibu naye, wananyamaza wote wawili, kisha anaondoka. Yule mzee ananivunja moyo kuliko mgonjwa.

Na jana tuliambiwa daktari wa magonjwa ya akili anakuja na Landrova ya serikali kuangalia nani abaki hapa na nani apelekwe hospitali kubwa ya Nairobi. Nilijua jina la kwanza litakuwa la nani. Na akipelekwa Nairobi, mume atamwonaje? Hata nauli ya kufika Nakuru hana. Watoto watamsahau sura.

Kwa hiyo asubuhi nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi. Nikapanga mikeke, nikapanga rangi. Wagonjwa wakaja. Mama Moraa akakaa mahali pake mwisho wa benchi, nami nikakaa mbele yake kama nilivyofundishwa, nikaanza kuchora ng'ombe.

Karibu yangu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa zamani za mkoloni. Aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu.

"Ng'ombe wako ana miguu mitano," akasema.

"Huo ni mkia, mzee."

"Sawa. Mkia wenye kwato."

Nikaona nimfunike ng'ombe majani ya malisho ili miguu ipotee. Nikavuta kopo la kijani, nikapaka na kupaka. Jua nalo lilikuwa limeingia barazani. Jasho likawa linanitoka, najifuta. Nafikiri, nashika shavu. Daktari anakuja, nifanane na msomi, nikawa napapasa kidevu. (Kumbukeni chupa ya zambarau nilikuwa nimeifungua kwa mikono yangu hii, na kizibo kilikuwa kinavuja. Mimi sikukumbuka.)

Kisha nikatupa jicho upande wa pili, nikaacha kupaka. Mama Moraa alikuwa anachora. Wiki zote hizo alikuwa akiishika tu karatasi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Leo alikuwa amechovya kijiti kwenye zambarau, anaweka maduara. Duara, duara, duara, mstari hadi mwisho wa karatasi, kisha anaanza mstari mwingine. Sikusema kitu. Hapo nilifanya vizuri, mnipe haki yangu.

Ndipo wakaingia. Daktari Mwinyi, mtu wa Mombasa, mrefu, mpole, miwani puani. Nyuma yake Sista Bosibori na kile kiatu chake kinacholia.

Yule mzee askari alisimama wima, akapiga saluti. Nikashangaa kwamba ameipiga kwangu, si kwa daktari. Nikaipokea kwa kichwa.

Daktari alinitazama usoni. Akanitazama tena. Sista akakohoa. Nikadhani ni vumbi.

"Bwana Ombati," daktari akasema taratibu, "huyu bibi naambiwa hasemi kabisa. Nimeonelea twende naye Nairobi. Huko tuna wataalamu."

Jamani, niliogopa. Nilimwona yule mume na kibuyu chake cha maziwa Jumapili ijayo, mbele ya kitanda kilichotandikwa. Na mtu akiogopa huongea. Nilichukua ile karatasi kutoka mikononi mwa mama wa watu, bila kumwomba ruhusa, nikaiinua juu.

"Daktari, tafadhali tazama kazi hii," nikaanza, kwa Kiswahili changu cha redioni. "Huyu mama anaongea. Anaongea kwa rangi. Zambarau ni rangi ya huzuni. Na maduara haya, yamepangwa kwa mistari, haya ni makaburi. Anatuonyesha makaburi, daktari, mengi, kwa sababu huzuni yake haina mwisho."

Sista akakohoa tena, kwa nguvu.

"Pole, Sista," nikamwambia, nikaendelea. Nikaeleza nafasi kati ya duara na duara. Nikaeleza ukubwa wa maduara. Nilipokuwa nafika kwenye pembe za karatasi, Mama Moraa akainua kichwa. Hajawahi kuinua kichwa. Akanitazama usoni, macho yakabaki hapo. Mabega yakaanza kutikisika.

Nikashusha sauti. "Daktari, unaona? Sasa analia. Hii ni hatua kubwa sana."

Hakuwa analia. Mdomo ulifunguka, kikatoka kicheko kidogo kilichokwama kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa, halafu kikatoka chote. Akaweka mkono mdomoni, kikapita katikati ya vidole. Kisha akasema. Kwa Kigusii, kwa sauti ya kukwaruza, lakini alisema, na wagonjwa wote barazani wakageuka.

Daktari akanishika mkono. "Amesema nini?"

Nikainama kupanga vijiti.

"Bwana Ombati, mgonjwa huyu hajasema tangu aje hapa. Amesema nini?"

Nikamtazama Sista anisaidie. Yeye ni wa kwetu, anasikia lugha vizuri kabisa. Akatazama dari.

"Amesema..." nikaanza. "Amesema huyu kijana anahubiri kama askofu, na uso wake una mabaka kama ndama."

"Mabaka," daktari akarudia.

"Mabaka, daktari. Tena anauliza kama sina ndugu wa kuniambia."

Nikashika shavu, nikatazama vidole. Zambarau. Nikatazama ile mikono nyuma na mbele. Zambarau yote. Sista akatoa kijioo mfukoni akanipa. Shavu la kushoto, kidevu, paji la uso, na mstari mmoja uliopita juu ya pua kama njia ya panya. Ndipo nikaielewa ile saluti: nilikuwa nimepakwa kama askari wa msituni.

"Nilikohoa mpaka koo likauma," Sista akasema.

Daktari akavua miwani, akaifuta polepole. "Mimi nilidhani ni ugonjwa wa ngozi," akasema. "Nilikuwa nakungoja umalize ili nikuangalie."

Hapo baraza nzima ilicheka. Hata wale ambao hawakujua wanachekea nini walicheka. Nilitamani niingie ndani ya kopo la rangi nijifunike. Lakini Mama Moraa alikuwa bado ananitazama, na uso wake ulikuwa uso wa mtu mwingine kabisa, mtu mwenye nyumba na majirani. Nikarudisha karatasi mikononi mwake kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo, nikakaa chini.

"Nisamehe, mama," nikamwambia kwa lugha yetu. "Nimeongea sana. Hebu nieleze wewe, hii ni nini?"

Akaigeuza karatasi, maana nilikuwa nimeishika juu chini.

"Ni chai," akasema. "Shamba letu. Mashina."

Makaburi yangu yote yakawa chai. Nikamtafsiria daktari. Naye akauliza, kwa adabu sana, kwa nini chai ya zambarau.

Mama Moraa akanionyesha kwa kidole. "Kijani alikuwa nacho huyu. Alikuwa anamlisha ng'ombe wake."

Nikatafsiri hilo pia. Ndiyo kazi niliyopewa leo.

Kisha yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akaanza kuuliza. Nani anachuma? Au ile mistari ya juu imeachwa ikaota kama msitu? Na Moraa anapikiwa na nani? Sauti ilikatika alipotaja watoto, machozi yakaja, safari hii ya kweli, na Sista akaenda kukaa naye, akamshika. Tulikaa hivyo mpaka alipomaliza.

Nje, karibu na Landrova, daktari aliniambia, "Nairobi haimfai. Abaki hapa, mumewe aje, aongee na watu wake. Na wewe endelea na Alhamisi zako." Akafungua mlango wa gari. "Ila uongee kidogo."

Niliporudi barazani Mama Moraa alikuwa amevuta kopo la kijani upande wake, anaweka majani juu ya mashina, shina moja moja.

Baada ya hapo nilijaribu sabuni, mafuta ya taa, ndimu, na mchanga. Rangi ilifurahi, ikang'aa. Nilipita soko la Daraja Mbili kununua mboga, na mama wa ndizi akamvuta mtoto wake nyuma ya kikapu. Nikamwambia si ugonjwa, ni picha. Akamvuta zaidi.

Na Jumamosi nasimama na binamu yangu kanisani anapooa. Nimekwenda kumwona mpiga picha, akanishika kidevu akanigeuza huku na huku. Ameniambia nisihofu, picha zake ni nyeusi na nyeupe, zambarau haitaonekana. Itaonekana nyeusi tu.

Basi chekeni sasa mmalize, ili Jumamosi mkae kanisani kama Wakristo.