Okidi Yangu, Protini na Kiti cha Kamati ya Maua

Jumatatu, 17 Machi
Mama Phelister, kiongozi wa kina mama kanisani, ametangaza. Harusi ya Eve, binti wa kanisa letu, ni tarehe 29. Okidi moja tu itakaa madhabahuni, na mwenye okidi hiyo atakuwa mwenyekiti wa kamati ya maua. Mimi ni makamu mwaka wa sita sasa. Kiti hicho nakitaka hadi nakiota! Wenye okidi hapa Mbotela ni wawili, mimi na Njogu fundi viatu. Jioni amenipigia kelele kutoka kibandani kwake: "Niaje, chairman!" Akacheka. Atajua hajui.

Jumanne, 18 Machi
Petali moja ya okidi yangu imeanza kulegea. Nimempigia simu Kate, binti wa dada yangu, anayesomea baiokemia chuoni. Amesema petali huzeeka kwa mpango wake yenyewe. Vimeng'enya huvunjavunja protini za ua, maji huvuja, chakula hurudishwa shinani. Akaongeza kitu kuhusu kuliweka ua kivulini, mbali na ndizi mbivu. Sikukishika. Protini inapungua? Basi iongezwe. Nafula mke wangu alikuwa amechemsha omena, wale dagaa wa ziwani. Nikaomba supu.

Alhamisi, 20 Machi
Nimemwagia okidi kikombe cha tatu cha supu. Harufu si haba. Paka watatu mlangoni, na Nafula amesema nichague, yeye au ua. Nimeomba muda wa kufikiria.
Kate amekuja akiziba pua. Anko, akasema, petali hujitengenezea protini zenyewe, hazinywi supu! Mizizi yataka hewa. Kisha akanieleza kwamba okidi hukaa wiki nyingi ikingoja mdudu ailetee chavua. Ikishapata, haina haja tena ya kujipamba. Siku mbili, petali chali. Alisema kwa ajili ya elimu. Mimi nikamfikiria Njogu.

Ijumaa, 21 Machi
Nimempelekea Njogu kiatu kisicho na shida yoyote. Alipoinama kutafuta uzi, nikaisogelea okidi yake na kijiti cha meno. Chavua ya okidi ni vidonge vya manjano vinavyonata. Nikavibandua, nikavisukuma katika kitundu kilicho chini yake. Maua yote manne! Aliponyanyuka alinikuta nikisifia majani. Akanishukuru.

Jumapili, 23 Machi
Maua ya Njogu yananing'inia kama soksi mbichi. Kanisani hakuimba. Nilimwonea huruma kidogo, wakati wa sadaka.

Jumatano, 26 Machi
Mizizi yangu imeoza. Shina limeanguka lenyewe, paka wamemaliza lililobaki. Sina ua. Lakini Njogu naye hana. Adui mwombee njaa.

Jumamosi, 29 Machi
Njogu amekuja na chungu chake hivyo hivyo! Petali zimekauka, na nyuma ya kila ua shingo imevimba, kijani, nene. Nilikuwa wa kwanza kucheka. Mama Phelister akavaa miwani, akainama, akachungulia. Kisha akapiga kigelegele. Okidi imeshika mimba! Kwa bibi harusi kuna baraka gani kuishinda hiyo? Kanisa zima likalipuka. Eve akalia. Chungu madhabahuni, Njogu mwenyekiti.
Akapewa nafasi ya kusema. Alisema hajui imekuwaje, ila ni mkono wa Mungu tu. Mkono naujua, ulikuwa mfukoni mwangu. Nitamwambia nani? Nikapiga makofi pamoja na wengine. Niliumia sana.

Jumatatu, 31 Machi
Njogu ameniacha kwenye umakamu. Amesema mchango wangu anauthamini. Kate naye amenitumia ujumbe mrefu kuhusu protini, nimesoma mstari wa kwanza. Nimepata okidi nyingine, ya zambarau. Kijiti nimekitupa, hakina faida. Kosa nimeliona: supu ya omena ilikuwa nyepesi mno. Kesho naanza na ya matumbo.