Kigoda cha Miguu Mitatu

Jumatatu, 12 Novemba 2012. Kakuma.
Habari kutoka Lodwar! Mama Akal, msusi wa vikapu, anasimamia maonyesho ya utamaduni kando ya mto Turkwel. Anatafuta mzee wa kuwaeleza wageni urithi wetu. Nimefundisha historia miaka thelathini na mmoja. Nani mwingine? Nikampigia simu. Akanikatiza: "Mwalimu, midomo tunayo mingi. Utakuja na nini mkononi?" Kumbe kila msemaji lazima alete kitu cha baba yake.

Sina. Baba aliacha ekicholong, kile kigoda ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia akizungumza na kukilazia kichwa akichoka. Mwaka 1986 nilimzawadia mkaguzi wa shule kigoda hicho. Nilitaka cheo. Sikupata cheo.

Jumatano, 14 Novemba.
Nimepata! Kasongo, Mkongo anayeuza vitu vikuukuu sokoni katika kambi ya wakimbizi, anacho kimoja. "Papa, hii ni ya zamani sana, angalia hata vumbi yake!" Kachukua redio yangu. Vigoda vyetu huwa na mguu mmoja au miwili. Hiki kina mitatu. Jambo dogo. Linaelezeka.

Ijumaa, 16 Novemba. Lodwar.
Mama Akal amekipokea kwa mikono miwili. Akauliza kama kweli ni cha baba. Nikasema ni cha babu. Ukishaanza, huwezi kuishia kwa baba.

Jumamosi, 17 Novemba.
Wageni arobaini mchangani, wengi wao kutoka Kakuma. Nikaeleza kwa saa nzima. Mguu wa kwanza, ukoo. Wa pili, mifugo. Wa tatu, babu aliuongeza kwa hekima yake. Waliandika!

Mzee mmoja Mdinka, Manyang, aliomba ruhusa ya kuuliza. Zile alama pembeni ni za nini? Nikajibu kwamba ni za mkuki, vitani.

Akasema kwa upole, "Samahani, Mwalimu. Ni meno yangu."

Akaeleza kwamba kigoda kilikuwa cha baba yake. Alipokuwa mtoto, siku za njaa, alikuwa akikitafuna. Akafungua kinywa: meno ya mbele ya chini hana, yaling'olewa kwa mila yao alipokua. Alikimbia vita akiwa na kigoda hicho tu. Mafuriko yalipobeba kibanda chake kambini, alijua kimekwenda.

Hakudai chochote. Alikichukua, akajilaza mchangani, akaweka shingo juu yake na kufumba macho. Kilimkaa kama kilivyomzoea. Mama Akal aliacha kusuka. Hakuna aliyecheka. Mimi pia nilinyamaza, karibu dakika mbili nzima.

Kisha nikawaeleza wageni maana ya kimya hicho.

Mama Akal akasema basi la Kakuma linaondoka saa nane.

Jumatatu, 19 Novemba. Kakuma.
Sikulala vizuri. Nilikuwa namfikiria Manyang. Kisha nikamfikiria yule mkaguzi, na shingo yake isiyohusika, juu ya kigoda cha baba.

Mama Akal ana maonyesho mengine Januari. Sikualikwa, lakini sikukatazwa. Nimerudi kwa Kasongo, nikamweleza kwa kirefu kosa lilipokuwa. Kumbe ana kingine! Kachukua saa yangu ya ukutani. Safari hii nimekuwa makini: miguu ni miwili, nimeihesabu mara tatu.

Pembeni kina alama ndogondogo. Bila shaka za mkuki.