Kanda Mpya ya Khainza

Jumatatu, 7 Julai 1986
Khainza yu hai! Mke wangu Madina kaisikia habari sokoni: yule mama wa zeze wa mlima Wanale ametoa kanda mpya. Tangu vita ianze hakusikika. Sisi tulishamwombea dua ya marehemu! Nimelia juu ya cherehani. Nimeshona koti la mteja, mkono wa koti ukafungika kabisa. Nasuru, kinyozi wa mlango wa pili, anatamba kuwa atakuwa wa kwanza kuisikiliza Jinja nzima. Thubutu! Nikamwambia kwa upole kwamba inauzwa Kampala tu. Ameamini. Maskini.

Alhamisi, 10 Julai
Mbale. Madina anajua nimefuata vitambaa. Kwenye kizuizi askari aliuliza safari ya nini. Nikajibu: shughuli nyeti, afande. Kosa! Tulishushwa wote, mizigo ikamwagwa, mama mmoja akanilaani kwa Kigisu mpaka mjini. Na dukani kanda zimekwisha!

Nikapanda Wanale hadi kwa Khainza mwenyewe. Nikajitambulisha: Taban, mwenyekiti wa mashabiki wake wa Jinja. Akauliza, kwani wapo? Nikasema wamejaa. Kisha akasema alidhani watu wake walikufa au walimsahau. Kanda hakubakiwa nayo hata yeye. Basi akachukua zeze, akaniimbia barazani wimbo wa mwanawe aliyechukuliwa na wanajeshi, hakurudi. Nikasahau hila zangu zote.

"Mwenyekiti," akasema, "nije lini kuwaona?"

Mdomo wangu ukajibu: Jumamosi ya wiki ijayo.

Ijumaa, 11 Julai
Balaa. Mashabiki ninaowajua ni mimi na Nasuru. Na Nasuru anayo kanda! Alikosa gari la kwenda Kampala, shemeji yake wa Bugembe akamletea. Anaipiga mlango wazi, makusudi. Nilipanga kupita bila kugeuka. Akaniita, akanikalisha kwenye kiti cha wateja wanaosubiri, akairudisha mwanzo. Tumelia wote. Nikamweleza shida yangu. Amecheka mpaka amemkata mteja sikio. Kidogo tu.

Jumapili, 20 Julai
Jana Khainza alikuja. Nasuru alikuwa ametangaza kwa kila kichwa alichonyoa. Uwanja ulifurika! Alipofika kwenye wimbo wa mwanawe, akina mama wakaanza kutaja majina ya watoto wao, naye akayaimba yote, moja moja, hakuruka hata moja.

Leo asubuhi amenishika mikono akinishukuru. Ningenyamaza tu. Nikamwambia hii si kitu, mashabiki wa Masaka ni wengi zaidi, na mwenyekiti wao ni ndugu yangu. Amefurahi mno. Tunakwenda mwisho wa mwezi.

Namtafuta mtu yeyote aliyewahi kufika Masaka.