Ombi la Kumalizia Mikwaruzo ya Gari la Mjomba

Kwa Mheshimiwa Mjomba Mansuri,
Mwenye Kauli ya Ukoo na Mmiliki wa Gari Jeusi,
Nyumba ya Mbele, Morogoro.

Shikamoo Mjomba.

YAH: OMBI LA KUKWARUZA GARI LAKO LOTE

Kichwa cha barua hapo juu hakijakosewa. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaniita kwa sauti. Naandika kwa sababu mdomo wangu, kama unavyojua, haufanyi kazi mbele za watu: shuleni nanyamaza kwa Kiingereza, nyumbani nanyamaza kwa Kiswahili. Kwenye karatasi ndipo ninapoota meno. Barua nimeiweka juu ya kiti cha dereva uikute jioni ukija kulifuta gari, sikuibana kwenye waipa, maana karatasi nayo inaweza kukwaruza kioo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu gari lifike mwezi wa tatu, mimi ndiye mkalimani wake. Umeniletea makopo manne ya waksi nikusomee maelezo. La kwanza ni la kupaka kwa sponji. La pili ni la kupuliza. La tatu linajisifu kwamba limetoka kwenye majani ya mti wa Brazili. La nne limeandikwa lugha ambayo hata mwalimu wangu haijui, nawe ukasema, "Sasa wewe Zuhura tunakusomesha ya nini?" Yale matatu niliyoweza kuyasoma yanasema jambo moja: waksi inang'arisha na kufunika, haiondoi mkwaruzo. Hata Nikunj wa duka la spea, ulipomwonyesha ule mkwaruzo mdogo wa mwanzo, alikwambia mbele yangu, "Mansuri bwana, hii ni mafuta ya kujipaka, siyo dawa ya kidonda. Pitisha ukucha. Ukikwama, mtafute fundi rangi. Usipokwama, sugua kwanza kwa polishi, ndiyo upake." Ulipitisha ukucha, haukukwama. Polishi ukaiacha, ukachukua makopo mengine mawili ya waksi, ndiyo lile la tatu na la nne.

2. Gari lina vitambaa sita laini vya kulifutia, na kila kimoja kina msumari wake wa kutundikwa. Mama yangu, dada yako wa tumbo moja, anajifutia uso kwa kipande cha fulana ya kampeni. Sina wivu. Nataja tu.

3. Kuku wamehamishiwa kwa jirani. Mama Nasibu amevuliwa bangili. Nasibu, mwanao wa kumzaa, anaingia nyumbani ubavuubavu kama kaa, amekumbatia begi la shule kifuani kwa sababu lina zipu.

4. Sasa Bibi. Mama yako mzazi aliteremka kutoka Mgeta kwa ajili ya ndoa ya dada yangu Hidaya. Ijumaa asubuhi akaona kunguru wamelichafua gari, akataka kukustiri kabla hujaenda msikitini. Akachukua dodoki na majivu, akalisugua kama tunavyosugua sufuria, kwa nguvu zote na kwa mapenzi yote. Liling'aa, Mjomba. Liling'aa mpaka jua lilipopanda, ndipo ikatokea ile mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui. Uliwasha tochi ya simu mchana kweupe, ukachuchumaa, ukapiga kelele: "Nyie watu wa milimani, kila mnachogusa mnaharibu!" Utadhani wewe ulizaliwa bandarini, ndani ya kontena, pamoja na gari.

Bibi akakujibu taratibu, "Mansuri, nimekuogesha kwa dodoki miaka saba. Mbona wewe hukuchubuka?" Kisha akafunga kikapu chake, akapanda lori la kabichi lililokuwa linarudi tupu mlimani.

5. Ndoa ni Jumamosi. Bibi ametuma salamu kwamba hatakanyaga ua ambao gari lina heshima kuliko mama. Hidaya anasema bila Bibi hatoki chumbani, na Hidaya akisema kasema. Mama alikupigia magoti umfuate Bibi, ukamjibu kwamba barabara ya Mgeta ina mawe na matawi, itamaliza rangi. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli. Baba yangu kwenye ndoa hii ni kama mgeni aliyepewa kiti kizuri. Kwa hiyo kauli yote ya ukoo sasa hivi imelala chini ya turubai, inaogopa matawi.

Kwa kuwa mikwaruzo michache imetuletea balaa hili, na kwa kuwa waksi imeshindwa, naomba kwa heshima mikwaruzo ikamilishwe. Nilifikiria steliwaya. Nilifikiria kuwarudisha kuku walale juu ya boneti. Lakini njia rahisi ni hiyohiyo barabara ya Mgeta: itakwaruza kulia na kushoto kwa safari moja, haibagui. Likirudi halitakuwa na cha kuogopa tena, na kwa mara ya kwanza litakuwa gari.

Kama ombi hili halikupendezi, basi kuna kopo la tatu hujalifungua. Lipeleke Mgeta, umpake Bibi pale ulipomkwaruza. Ila ukumbuke maelezo yake: linafunika, haliondoi.

Nisalimie Mama Nasibu, Nasibu mwenyewe, vitambaa vyote sita, na kuku huko waliko.

Ni mimi mpwa wako, katika ujenzi wa ukoo na ulinzi wa rangi,
Zuhura

Tanbihi: Nimeisoma tena barua nikaona nimeruka jambo. Ijumaa ile Bibi aliniuliza, "Mjukuu wangu, gari nalo husuguliwa hivihivi?" Mimi nilijua. Nimesoma makopo matatu mazima. Lakini dodoki alikuwa ameshaliloweka, na mimi kumwambia mtu mzima hapana sijawahi kuweza. Nikasema, "Ndiyo Bibi, hivyohivyo." Majivu nilimletea mimi, na ubavu wote wa kulia niliusugua mimi. Ulipokuwa unafoka, Bibi alinitazama mara moja tu, halafu akajibu yeye. Hakunitaja, na mpaka leo hajanitaja. Basi futa namba zote tano, au zifute nusu: maneno ya milimani ni yako, dodoki ni langu. Kesho alfajiri ukifungua gari utanikuta nimekaa kiti cha nyuma. Naomba usiniulize kitu mpaka tufike kwa Bibi.