Gari la Moshi la Mwenyewe

Jumatano, 19 Februari 1930, mwezi 20 Ramadhani

Nimepata! Tende mkononi, hata adhana haijaisha, nimepata. Nitamjengea Shariffa gari la moshi.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Nilipomwoa nilimwahidi kumpeleka Unguja, akapande gari la moshi la Bububu. Mwaka wa kwanza kulikuwa na karafuu. Mwaka wa pili, mvua. Wa tatu nilikuwa nikivumbua mashine ya kuchambua karafuu (haikuchambua). Ikaendelea hivyo. Mwezi uliopita akaja mgeni kutoka Unguja, akatangaza barazani kwangu kwamba gari hilo halipo tena, hata reli zimeng'olewa. Shariffa alikuwa ndani, akasikia. Hakugomba. Hakulia. Alikunja kanga zake, akaenda kwao Wingwi. Sasa nyumba ni kimya hata nawasikia mchwa wakila.

Na leo salamu kutoka kwa mama mkwe, Bi Hamdiya: sikukuu ikimalizika tu, kaka yake Shariffa atakuja kudai talaka.

Hatakuja! Sikukuu watu wa Pemba nzima wanamiminika uwanja wa Tibirinzi, hapa Chake Chake, na Bi Hamdiya hajakosa hata mwaka mmoja. Nitaliweka pale: gari dogo, linalotembea lenyewe, linalopita katika kijiji kizima kilichovaa sikukuu. Shariffa ataona. Atarudi. Jambo jepesi kabisa.

Ijumaa, mwezi 22 Ramadhani

Kazi inakwenda. Kichwa cha gari nimekitengeneza kwa mkebe wa samli. Magurudumu ni vile vigurudumu vya mbao vya uzi wa cherehani, nimepewa na Mabruki, fundi nguo, ambaye katika siku hizi za mwisho za Ramadhani hana nafasi ya kuuliza maswali. Reli ni mianzi iliyopasuliwa. Kamani, ule utepe wa chuma unaojikunja, nimeitoa katika saa yetu ya ukutani. Kwa hiyo leo nimekosa daku. Nimefunga kwa kumbukumbu ya wali wa jana.

Jioni nimelijaribu. Nimevuta kamani, nimeliachia. Limetembea! Kinyumenyume. Nimeligeuza, limerudi tena nyuma. Nimekaa nikafikiri sana, kisha nikang'oa dohani, lile bomba la moshi, nikaipachika upande wa pili. Sasa nyuma ndiyo mbele. Hivi ndivyo wafanyavyo watu wenye akili.

Zahran amepita. Huyu ni binamu yangu, mwenye mwavuli mweupe na santuri, na kila sikukuu anaipiga santuri hiyo Tibirinzi penye kivuli kizuri. Amesema kwa upole kwamba mwaka huu atanipigia wimbo wa huzuni. Nimemjibu asante. Moyoni nimemjibu mengine.

Jumapili, mwezi 24 Ramadhani

Kijiji! Nyumba kwa vibao vya sanduku la chai, paa kwa vipande vya makuti. Msikiti mdogo. Pembea inayozunguka ukiipuliza. Muuza halua na sinia lake, ambalo ni kifungo cha kanzu yangu. Nyumba yetu nayo ipo, na dirisha la kijani, lile ambalo Shariffa hupenda kukaa akishona kofia. Nimelipaka rangi mara tatu.

Watu walinisumbua. Kuchonga sura za binadamu sithubutu. Nikaichukua karafuu kavu nikaitazama: ina kichwa, ina kiwiliwili, hata mabega inayo. Basi! Kijiji changu kina watu wa karafuu. Wanaume nimewavika kanzu za vitambaa, wanawake buibui za matambara meusi. Kwenye stesheni nimeweka karafuu mmoja mwembamba, buibui yake safi, kikapu miguuni, anangoja gari.

Baada ya tarawehe Mzee Kificho, jirani yangu, amekuja kuchungulia. Akauliza majumba haya madogo ni ya nani. Sasa mimi ni mtu niliyelelewa, sitaji jina la mke wangu mbele ya mwanamume. Nikamjibu, ni ya mwenyewe. Akauliza, mwenyewe yuko? Nikasema ameondoka, ndiyo maana namjengea, arudi. Akauliza anapenda nini huyo mwenyewe. Nikasema halua, marashi ya mawaridi, na ukimuudhi ndiyo basi tena. Akauliza atakuja lini. Nikasema sikukuu inshallah, na watu wote watamwona.

Mzee Kificho aliondoka bila kuaga. Kiatu kimoja amekiacha.

Jumanne, mwezi 26 Ramadhani

Gari la moshi bila moshi ni aibu. Nimetia kaa la moto ndani ya mkebe, juu yake ubani. Moshi umetoka katika dohani, mwingi, mweupe, umejaa nyumba mpaka barabarani. Nimelia kwa furaha, na pia kwa moshi.

Na watu wa Chake Chake, niwaombe radhi! Nilidhani hawanijali. Asubuhi nimekuta mlangoni sahani ya halua. Mchana, chupa ya marashi. Alasiri, mayai mawili meupe juu ya jani la mgomba. Hakuna anayebisha hodi, wanaweka na kwenda zao mbio, kwa haya. Mama mmoja nilimsikia akinong'ona nje ya dirisha, anaomba binti yake apate mtoto. Sikuelewa inanihusu nini, ila nimemwitikia amin kwa sauti nene. Akapiga ukelele akakimbia. Imani iliyoje!

Mayai nimeyakaanga kwa futari. Matamu sana.

Alhamisi, mwezi 28 Ramadhani

Msiba.

Zahran amekuja, mara hii hakutania. Amesimama nje, mwavuli ameukunja, hataki kuingia. Ameniuliza kama ni kweli nafuga jini. Nimecheka. Yeye hakucheka. Mji mzima, amesema, unajua kwamba mimi, Suud bin Masoud, nawajengea wenyewe vijumba na kuwafukizia ubani, na kwamba mkubwa wao atateremka siku ya Idi kuja kumchukua mtu. Mzee Kificho amelisikia kwa mdomo wangu.

Wenyewe! Mimi nimesema mwenyewe, nikamkusudia mke wangu. Wao wamesikia mwenyewe, wakakusudia wale ambao nao hawatajwi kwa jina. Ningesema Shariffa, neno moja tu, yasingenifika haya.

Habari imefika Wingwi. Bi Hamdiya anasema nimemtuma jini amburure bintiye kwa nywele. Zahran amenishauri nikichome kijiji chote leo, na kiberiti akanipa. Lazima nikiri, alikuwa na huruma.

Nimewasha njiti moja. Nimemtazama yule karafuu mwembamba anayengoja stesheni. Njiti imeniunguza kidole, nikaitupa. Kisha nimelia, mimi mwanamume mzima. Namtaka mke wangu. Simtaki mwengine, na nyumba hii siiwezi peke yangu.

Jumapili, mfungo mosi, Idi

Nimekwenda. Nimekibeba kijiji juu ya mlango wa jikoni nilioung'oa, nimekipanga Tibirinzi chini ya jua kali. Nafasi nimeipata kubwa sana. Kila nilipoweka nyumba, watu walisogea nyuma. Watoto walishikwa masikio. Upande wa pili santuri ya Zahran imezungukwa na watu watatu-watatu kwa safu, na kweli amenipigia wimbo wa huzuni.

Nikawasha ubani. Uwanja mzima ukarudi hatua nyuma.

Ndipo akatokea Bi Hamdiya, amepasua watu, chupa ya maji ya kombe, yaliyooshewa aya, mkononi. Nyuma yake Shariffa. Nilimjua kwa mwendo. Mama mkwe akasoma, akanyunyiza, akasoma, akanyunyiza. Msikiti ukalowa. Moshi ukazimika kwa sauti ya kitu kinachokaangwa. Mimi nikalowa pia.

Shariffa hakumngoja mamake amalize. Alichutama mbele ya kijiji. Akatazama pembea, akatazama dirisha la kijani, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akagusa kwa kidole karafuu aliyekaa stesheni, akauliza nani huyu.

Mzee Kificho alikuwa pale. Zahran alikuwa pale. Nikasema, "Shariffa."

Mama mkwe akajishika mdomo. Mwanamume kataja jina la mkewe uwanjani, mchana, siku ya Idi! Nikaona bora niseme tena, kwa sauti. Shariffa. Mwenyewe ni Shariffa. Nilimwahidi gari la moshi.

Mzee Kificho akashusha pumzi, akasema, "Kumbe ntu!" Watu wakaanza kucheka, kwanza wachache, kisha uwanja mzima, na watoto wakaachiliwa masikio.

Shariffa akaniambia nilitie ufunguo. Akamchukua yule karafuu, akampandisha behewani kwa vidole viwili. Gari likaondoka! Likapita msikitini, likapita kwa muuza halua, likafika kona, likaacha reli na kulala ubavu. Nikataka ardhi inimeze. Yeye alikuwa akicheka. Miezi mingi sijakisikia kicheko kile.

Akaniuliza, na wewe uko wapi humu? Nikatafuta. Nimeweka muuza halua, nimeweka mwadhini, nimeweka hata Zahran na mwavuli. Mimi nimejisahau. Shariffa akaokota karafuu mwengine, mnene kidogo, akamkalisha behewani ubavuni mwa yule mwembamba. Akasema hakutaka gari hata siku moja. Alitaka safari, na mimi kando yake.

Bi Hamdiya alifuta macho kwa ukaya wake wa kichwani, akasema ni ubani.

Jumatano, mfungo mosi, sikukuu ya nne

Shariffa yuko nyumbani! Anaimba jikoni ambako hakuna mlango. Nimeapa mbele yake na mbele ya mamake: mambo ya kuvumbua basi. Meli ya Unguja inaondoka Jumamosi, tunakwenda, mimi na yeye. Kikapu chake amekifunga tangu jana, kiko karibu na kitanda. Kila akipita anakigusa.

Ila nimefikiri jambo. Hajapata kupanda meli. Mawimbi ya mkondo wa bahari si mchezo, atatapika, safari yote itaharibika. Anahitaji kuzoezwa kwanza, taratibu, hapa hapa nyumbani. Meli ndogo, ya bati, ndani ya pipa la maji. Nitaipa dohani mbili. Mawimbi nitayafanya kwa mwiko wake mkubwa, sijamwomba bado.

Kazi ya siku mbili tu, tatu zikizidi. Nikichelewa kidogo si neno, mwezi ujao ipo meli nyingine.