Pua Yangu Haikuomba Umaarufu

Jumanne, 4 Machi

Kacha. Sauti ndogo tu, kama mtu kavunja kijiti mgongoni kwako. Nimerudi nayo nyumbani, nimeoga nayo, nimekula nayo. Bado imo kichwani.

Mambo yalikuwa hivi. Mama Mdogo, ambaye naishi kwake tangu nipate kazi, alinituma duka la mapazia nikamchukulie sampuli ya kitambaa cha sebuleni. Duka limejaa majora hadi darini. Vumbi la nguo mpya likanipanda puani. Chafya. Nyingine. Nikapekua mfuko wa koti: hamna leso. Mkoba: kalamu nyekundu, kalamu nyekundu, hamna leso. Na pua ilishaamua. Mbele yangu limening'inia pazia la zambarau, pembe yake laini kama shavu la mtoto. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Nikapenga.

Kacha!

Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa upande wa pili, simu juu, anapiga picha bidhaa zake. Nikamuuliza amepiga nini. Akasema amepiga pazia, mwanangu, kwani wewe nani hata upigwe? Akacheka. Nikatoka bila sampuli.

Sipendi kupigwa picha. Hata ya kitambulisho nimefumba macho. Naliandika hapa ili liwe limeandikwa mahali: uso wangu ni wangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimo mtandaoni!

Kaiona kwanza mwenzangu wa meza ya pili kazini, ambaye kimoyomoyo namwita Kidomo, kwa sababu mdomo wake hufika ofisini kabla yake. Ukurasa wa duka la mapazia. "Zambarau mpya imeingia, wahi!" Na chini ya zambarau, mimi. Macho mekundu, kitambaa nimekikumbatia usoni kwa mikono miwili. Haionekani kabisa kwamba napenga kamasi. Naonekana mwanamke aliyepewa habari kwamba fulani ameoa.

Maoni nimeyasoma yote. Jamani dada wa watu, pole. Wanaume hawa! Mwingine kauliza kama ipo ya kijani. Mwingine kasema huyo halii mapenzi, analia bei.

Kidomo ameichapa na kuibandika juu ya birika la chai. Nimewaeleza wote kwamba ilikuwa chafya. Wakaitikia kwa kichwa, polepole, kama watu waliokuja kunipa pole. Kisha Mhariri Mkuu akaniita, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye yalishamkuta. Sisi tunatoa vitabu vya shule, mimi ni msahihishaji, na ile atlasi mpya niliahidiwa mimi. Mito yote, milima yote! Sasa anapewa Kidomo, ili mimi nipumzike. Nipumzike na nini?

Nyumbani Mama Mdogo alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema niiache, wiki haitaisha kabla hawajapata pua ya mtu mwingine. Halafu akaacha kucheka ghafla. Akauliza, je, kwenye picha unaonekana mlango wa fundi cherehani, yule wa jirani na duka? Nikasema hauonekani. Akasema vizuri. Ajabu! Alikuwa ndiyo anarudi kutoka kufuata vifungo kwa fundi huyo, na kajipulizia manukato ya kwendea harusini.

Yeye picha anaziogopa kuliko mimi, na ana sababu. Ni mjane, mtu mzima na nyumba yake. Kuna mwalimu mstaafu alikuwa akija kunywa naye chai. Mtu akampiga picha barazani, akaitupia kwenye kundi la familia. Kaka yake, yaani Mjomba Mkubwa, akaitisha kikao. Akamuuliza mwalimu wa watu kuhusu kiwanja chake na hali ya figo zake. Mwalimu akaondoka kikombe kikiwa nusu, na ndiyo ikawa mwisho. Tangu hapo Mama Mdogo kajitoa kwenye kundi. Hataki kuonwa, hataki kuulizwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza: busara.

Nimemwandikia mwenye duka. Aya nne. Faragha, ridhaa, utu, na mwisho ombi la heshima kwamba aiondoe picha. Barua nzuri. Ningeipitisha bila kuigusa.

Akanijibu hadharani, chini ya picha yenyewe, kila mtu anaona: kumbe ni wewe, dada wa chafya! Njoo mwanangu, sampuli yako nimekuwekea.

Kosa langu likawa kumjibu. Kosa la pili, kumjibu kila aliyetoa maoni, mmoja mmoja, kwamba silii. Nilipomaliza, picha ilikuwa imepanda mpaka juu kabisa ya ukurasa. Kidomo kanifafanulia, kwa furaha isiyofichika, kwamba ndivyo mtandao unavyofanya kazi: ukigombana na picha unaipigia debe. Na kweli, kufikia jioni ilikuwa imeingia kwenye kundi letu la familia. Binamu yangu kaandika kwamba alijua tu, alikuwa anaona nimekonda.

Mimi sijakonda!

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili: ana kwa ana. Miwani ya jua, mtandio wa Mama Mdogo, koti la mvua.

Mwenye duka kanitambua kabla sijavuka kizingiti. Karibu pua yangu, karibu! Akanivuta mkono, akanionyesha pale zambarau ilipokuwa. Limebaki jora moja. Wateja wanaingia wanaomba pazia la kulilia. Kasema uso wangu una bahati, nisiuonee choyo. Nikamwambia uso si bidhaa. Akaniambia mbona basi nimeuleta dukani?

Nikamuuliza, je, yeye angejisikiaje apigwe picha bila kujua, akiwa hajajiandaa? Akasema nipige tu mama, ilimradi jina la duka lionekane.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Kila simu niliyoiona mkononi mwa mtu ilikuwa imenielekea. Njiani kuna wasichana wanajipiga picha mbele ya ukuta mweupe. Nikajibanza kwenye mti niwapishe, kisha nikaona kwamba sasa nimeingia kwenye picha pamoja na mti.

Lakini lile jibu lake limenipa wazo.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa tatu: aonje.

Mchana, jua kali, wateja hamna. Nilijificha ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha kutoa nakala, nikajifanya nasubiri karatasi. Sauti ya kamera nikaizima kwanza. Mwenye duka akasinzia mlangoni juu ya rundo la vitambaa. Mdomo wazi, ndala moja imemtoka, shingo imeangukia upande. Nikampiga. Safi! Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri, ya namna ya mtu aliyekamata mwizi wa kuku wake.

Nikakaa kuandika maelezo. "Huyu naye ni binadamu. Je, mngependa awe mama yenu?" Nikayasoma mara tatu. Nikaondoa mkato mmoja, nikaurudisha. Maneno yakawa hayana doa. Picha yenyewe sikuiangalia tena. Ofisini kwetu kila mtu na chake: mimi ni wa maneno, picha zina idara yake.

Nikaiweka kwenye ukurasa wangu. Nikaiweka na kwenye kundi la familia, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wananipa pole bila kuombwa. Halafu nikazima simu na kulala usingizi wa mchana. Wa haki.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna hata mmoja aliyezungumzia faragha.

Hakuna hata mmoja aliyemtazama mwenye duka!

Nyuma yake, kwenye picha yangu, kuna mlango wa fundi cherehani. Uko wazi. Ndani, juu ya meza ya kukatia nguo, amekaa Mama Mdogo, miguu inaning'inia kama ya msichana. Anamfuta fundi jasho la uso kwa leso. Fundi kafumba macho kama paka juani.

Binamu kaikuza, kawazungushia duara jekundu. Akauliza jamani, huyu si mama mdogo? Wa pili akasema ndiye. Wa tatu akasema vifungo gani hivyo vya kila wiki. Mjomba Mkubwa kaandika kwa herufi kubwa tupu: KIKAO. KESHO. SAA KUMI. Nimeifuta picha kundini na ukurasani. Kazi bure, walishaihifadhi wote.

Nikaenda kumwambia mwenyewe. Alikuwa anakunja nguo. Nilitaka anifokee, nilishajiandaa na majibu. Hakunifokea. Akasema kwa ajili ya chafya nilitaka dunia nzima iniombe radhi. Yeye alikuwa na mlango mmoja tu, na nimeufungua.

Akaendelea kukunja. Blauzi ileile, akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao. Mjomba Mkubwa kwenye kochi kubwa, binamu pembeni na simu mkononi. Fundi kaja na kanda yake ya kupimia shingoni, nadhani alisahau kuivua. Alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyekalia yai. Mjomba akaanza na kiwanja. Akapita kwa wake waliotangulia. Akafika kwenye figo.

Hapo Mama Mdogo akasimama. Akasema, "Kaka, figo za mwenzio zinakuhusu nini? Unataka kuzishona?"

Binamu akacheka, akatazamwa, akakohoa. Mjomba akasema dharau hiyo imeletwa na mitandao. Akaahirisha kikao mpaka Jumamosi, fundi arudi na ndugu zake. Fundi akamaliza chai yake yote, nikaona.

Jioni, jikoni, Mama Mdogo aliongea nami kwa mara ya kwanza tangu jana. Nafikiri aliona sili, nalia tu. Akaniambia nisijiue bure, hayajaharibika. Wao wawili wamekwisha kubaliana. Alhamisi hii asubuhi wanafunga ndoa kimyakimya, mashahidi tu, na kikao cha Jumamosi kitakuta mambo yamekwisha. Ameniambia mimi peke yangu ili niache kulia. Nimemwapia kwamba sitasema. Nikamuuliza nimsaidie vipi. Akanishika mabega yote mawili. "Nyamaza tu, mwanangu. Nakuomba sana. Usinisaidie."

Jumanne, 11 Machi

Picha yangu imeondolewa. Si kwa barua yangu, si kwa haki. Zambarau imekwisha, basi. Sasa kuna pazia la maua, na kwenye kona yake bega la mtu asiyejijua. Nimelitazama bega hilo kwa muda mrefu. Kidomo naye kabandua karatasi juu ya birika, kachora mto wa atlasi nyuma yake.

Ningepaswa kutulia. Nimeshindwa. Nimeketi, nimesimama, nimefunga dirisha, nimelifungua. Mbele yangu kitabu cha hesabu cha darasa la pili na sijasahihisha hata ukurasa mmoja. Nilichokosea ni nini hasa? Niliwaonyesha watu jambo bila kuwaeleza vya kutosha. Picha bila maelezo kamili ndiyo iliyoniponza mimi kwenye pazia, na ndiyo iliyomponza Mama Mdogo mlangoni. Na kosa nililolifanya hadharani, nikilitubu chumbani, itakuwa toba gani hiyo? Aliniomba ninyamaze, ndiyo. Lakini alikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni hajui anachohitaji.

Kwa hiyo nimeandika. "Iheshimuni Faragha ya Mama Yangu Mdogo." Aya tisa. Nimeeleza kwamba yanayotokea kati yake na fundi, Jumatano na Jumamosi mchana, hayamhusu mtu. Kwamba Mjomba Mkubwa hana mamlaka ya kuita vikao juu ya moyo wa mtu mzima. Kwamba hata hicho cha Jumamosi hakina maana, maana Alhamisi asubuhi wanafunga ndoa, na ninaziomba pande zote ziwaache wafunge kwa utulivu, bila kuja. Ofisi watakayofungia ndoa nimeitaja, ili mtu asije akapita pale kwa bahati mbaya.

Nimeituma kwenye kundi la familia, kwenye ukurasa wangu, na kwenye ukurasa wa duka la mapazia, ambao unasomwa sana. Imekwenda tangu saa sita. Simu inatetemeka mezani kama ina homa. Bado sijaifungua, nataka kwanza wasome wote.

Picha nimeiambatanisha, ile isiyo na duara, kusiwe na utata tunamzungumzia nani. Na safari hii nimeikagua, pembe zote nne. Mwenye duka nimemkata. Sikuwa na ridhaa yake.